Tumbo la Kupanda Nalo Masama

Kwenye benchi la Shabani muuza kahawa, pale Majengo, Eliamini alikaa katikati siku zote, maana akikaa pembeni benchi linainuka upande wa pili. Wenzake walimwita Meneja. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na meza ya mitumba sokoni, na tumbo ambalo peke yake lilitosha kumpa cheo. Alilipenda sana. Ndilo lililowaambia watu, kabla hajafungua mdomo, kwamba tangu biashara ziachiwe huru yeye hakulala. Asubuhi hiyo, ng'ambo ya barabara, watu wa chuo kimoja cha Ulaya na kimoja cha hapa mjini walikuwa wamefunga turubai, wanapima watu viuno, sukari na presha bure. Muuguzi alikuwa amekwisha kumpungia mkono aende.

— Siendi, alisema Meneja. Wataniambia nipungue.

— Kwani ukipungua unakufa? aliuliza Fredy, aliyeitwa Redio kwa kuwa hajawahi kuzimwa.

— Krismasi hiyo inakuja. Nipande nyumbani Masama nimenyauka? Watasema mji umenishinda. Watanichangia.

Hapo hakucheka mtu. Wote walikuwa watu wa kupanda nyumbani Desemba, na walijua macho ya ndugu yanavyokupima kabla ya salamu.

— Hawa wana lao, alisema Redio. Wanapima viuno wajue saizi za kutuletea kwenye marobota. Si wewe uliyelalamika suruali za juzi zote ni za majitu?

— Nililalamika.

— Basi malalamiko yamefika.

Kornel, fundi cherehani waliyemwita Mtaalamu, alipuliza kahawa yake.

— Suruali ni danganya toto. Nimewasikia wakihutubia. Wanasema watu wa Shanty Town, kule kwa matajiri, wanapimwa mapema, wanatibiwa, sisi wa vyumba vya kupanga tunafika hospitali tumebebwa. Wanataka tulingane.

— Hilo si baya, alisema Shabani akimimina.

— Ngoja. Huko kwao maskini ndiye mwenye tumbo, tajiri ni mwembamba. Wakishatukondesha tutakuwa matajiri wote, waje wao kutuomba misaada.

— Wakubali vipi hasara hiyo? aliuliza Shabani.

— Ndiyo maana wamekuja vyuo viwili. Kimoja kisingethubutu.

— Na mafuta yenyewe yakitoka yanakwenda wapi? aliuliza Redio. Mzigo wote ule wa Meneja hauwezi kupotea hivi hivi.

— Yanapanda mlimani, alijibu Mtaalamu. Unadhani theluji inapungua kwa nini? Watu wanakondeshwa, joto lao linakwenda juu.

Meneja alicheka mpaka benchi likalia. Kisha kicheko kikamkwama kifuani, ikabidi atulie avute pumzi, na wenzake wakaweka vikombe chini kumsubiri. Kusubiriwa huko hakukumpendeza hata kidogo.

Ndipo akatokea shangazi yake, Mektrida, kutoka stendi, kikapu cha ndizi za kupikia mtori kichwani.

— Shikamoo, shangazi, lilisalimia benchi zima.

— Marahaba, wanangu. Eliamini, nimekuletea ndizi.

Walimtua kikapu. Hakukaa. Alimtazama mpwa wake kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka.

— Mwaka jana uliishia dukani, chini ya kilima. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye wa kugawa nyama ya Krismasi, tukagawa bila wewe, fungu lako likateremshwa ukala na wapita njia. Mwaka huu utafika nyumbani?

Redio alizimika. Mtaalamu alichungulia kikombe chake kitupu. Mwaka jana Meneja aliwaambia wote kwamba amekutana na rafiki dukani wakanogewa, nao walijifanya kuamini. Sasa aibu ilimshika, lakini hamu ya kusimama kwenye ua ule wa baba yake, kisu mkononi, wadogo zake wamemzunguka, ilikuwa kubwa kuliko aibu.

— Sijui, shangazi.

— Basi kaulize wanaojua.

Meneja aliinuka, akajitwika kikapu, akavuka barabara.

— Meneja, watu wa kwenu wataniuliza mbona umekonda, alisema Redio nyuma yake. Niwaambie nini?

— Waambie wasubiri nyama. Nakuja kuigawa.

Kule chini ya turubai muuguzi alilazimika kumsihi atue ndizi kabla ya kupanda mizani. Redio na Mtaalamu walitazamana, wakampa Shabani vikombe, nao wakavuka. Shangazi Mektrida alikaa katikati ya benchi, mahali pa Meneja, akaomba kahawa.