Wapima Theluji wa Skarva na Maji Yaliyofunguliwa Mapema

Mgeni rasmi, Bi Torgunn Hauglid, Mkurugenzi wa Bwawa la Skarva. Mwenyekiti wa halmashauri yetu. Majirani wa kando ya mto na wa mlimani: tunakusalimuni kwa heshima.

KARIBU

Umepita matope ya mwezi wa nne kuja kutuzindulia chumba kipya cha mitambo ya bwawa. Tumefurahi. Kahawa ni ya moto, na mikate yenye jibini ya kahawia kaipika mwenzetu Gudveig mwenyewe. Ukiondoka bila kula, maneno yake utayajibu wewe.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kina miaka thelathini na minane. Tuko wanawake tisa, na mdogo wetu ana miaka hamsini na sita. Kila majira haya tunavaa mbao zetu za kutelezea, tunapanda hadi kwenye vijiti kumi na kimoja tulivyovisimika mlimani. Kila penye kijiti tunazamisha bomba mpaka ardhini, tunalitoa na theluji yake, tunalipima kwa mizani. Kina hakitoshi. Theluji ya kufika kiunoni yaweza kuwa nyepesi kama manyoya, na ya gotini ikawa maji matupu.

Hesabu tunampa Sigbjørn Kleppe, mlinzi wa bwawa. Yeye huitumia kujua afungulie maji kiasi gani, na lini, ili bwawa liwe na nafasi kabla mlima haujateremsha yote kwa pamoja.

TUNALOJIVUNIA

Kwa miaka yote hiyo, hakuna nyumba ya kando ya mto iliyoingia maji. Hilo tunalisema kwa sauti.

Mwaka jana ilibaki kidogo tu. Kipimo cha ofisi ya bwawa huko mjini, kile kilicholazwa chini ya theluji, kilifunikwa na ganda la barafu. Uzito wote ukakaa juu ya ganda, chenyewe kikasoma nusu. Gudveig akapima, akampigia Sigbjørn simu kutoka kijiti cha sita.

"Una hakika, bibi wewe?"

"Nimepima mara tatu. Ni karibu mara mbili ya wanachosema wao."

"Ofisini wanasema tusubiri bwawa lijae."

"Basi waje walibebe hili bomba wao! Mgongo wangu umeshasema."

Sigbjørn akapiga simu ofisini. Kijana wa huko akamjibu vizuri tu, "Tulia, mzee, nafasi bado ipo kubwa." Akapiga tena kesho yake. Jibu lilelile.

Ndipo akazipigia nyumba zote za mtoni, moja baada ya moja: toeni kondoo, vuteni mashua. Kisha akafungua milango ya bwawa, kidogo kidogo, siku sita, mto usipande kwa kishindo. Siku ya saba ukaja upepo wa joto na mvua juu yake. Bwawa lilijaa hadi likabakiza shibiri mbili. Zile siku sita zisingekuwapo, nyumba kumi na nne na shule yetu zingekuwa ndani ya mto.

Aliyeloa ni jirani yetu Anfinn peke yake, ghala lake la chini. Alimfuata Sigbjørn mpaka dukani: "Wewe! Umeniosha viazi bila sabuni!" Sigbjørn akamwambia, "Mwakani nitakuletea na sabuni." Walicheka mpaka mwenye duka akawafukuza.

LINALOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, Sigbjørn alifungua bila ruhusa. Hatufichi, mwenyewe aliandika hivyo kwenye daftari la bwawa, kwa jina lake. Vuli alipokea barua, akanyang'anywa funguo za milango. Kuanzia sasa milango itafunguliwa kutoka mjini. Mitambo mipya ni mizuri, tumeiona, inang'aa. Ila inangoja hesabu kutoka kwenye kipimo kilekile.

TUNACHOOMBA

Hatuombi barabara leo, ingawa umeiona. Tunaomba Sigbjørn arudishiwe funguo, na hesabu zetu ziwekwe mezani pamoja na za kipimo. Zikipishana, mtu apande akachimbe aone.

Yeye hakututuma. Yuko safu ya tatu, amevaa koti la harusi ya bintiye, na sasa hivi anatamani tunyamaze.

Jana tulipanda. Barafu imetanda tena juu ya kipimo, na theluji ni nzito kuliko mwaka jana. Hesabu za vijiti vyote kumi na kimoja ziko nyuma ya karatasi hii tunayokukabidhi. Tumempa Sigbjørn azisome asubuhi, akasema milango ingefaa kufunguliwa leo, kisha akaweka mikono mfukoni.

Mungu akupe afya, akufikishe kwako salama, na atujalie sote kuamka majumbani mwetu tukiwa wakavu.

Ni sisi,
Wapima Theluji wa Bonde la Skarva