Mkono wa Chemo Kabla ya Saa Sita

Benchi la duka la matairi la Evaristo Quiroga ni kiti cha nyuma cha basi la shule, kilichong'olewa kikaegeshwa ukutani, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kijana wa Salado Seco, huku kusini kabisa mwa Texas, aliyechagua chuo cha kwenda kucheza besiboli bila kukalishwa hapo kwanza. Wenye kijiwe ni wazee watatu. Rada hatembei bila kipimamwendo cha mkononi, kile cha askari wa barabarani, na kila mpira unaorushwa mjini huupima na kuuandika kwenye daftari. Shemasi alikuwa mdakaji ujanani, yule anayechuchumaa kuudaka mpira, mpaka magoti yakagoma. Profesa anauza mitungi ya gesi na darasa la kumi hakulimaliza. Wanabishana juu ya kila kitu chini ya jua, ila wana mwiko mmoja wanaouheshimu kuliko kanisa: mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, haulizwi habari za mkono wake. Kuutaja ni kuuroga.

Jumamosi hiyo ya Mei, saa tatu asubuhi, aliyekalishwa katikati yao alikuwa Chemo, mtoto wa Evaristo mwenyewe. Saa sita kocha wa chuo kikuu cha kaskazini angepiga simu kutaka jibu kama atajiunga nao. Chemo alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, anaorushia, vilikuwa na ganzi tangu Machi, na kiwiko kilimuunguza hata akivaa shati. Hakuwa amemwambia mtu. Alichojua ni kwamba mwezi wa nane wachezaji wapya hupigwa picha za eksirei za viwiko kabla hawajagusa mpira.

— Chuo kikuu, alisema Shemasi. Hapa hakuna mjadala. Uwanja wa viti elfu sita, nyasi kama zulia.

— Nyasi hazirushi mpira, akadakia Profesa. Kule wana warushaji ishirini na wawili. Wanaocheza unajua wangapi? Wanane. Waliobaki kazi yao kutafuna mbegu za alizeti na kupiga makofi.

— We Profesa, chuo kikuu umewahi kuingia lini?

— Nimepeleka gesi.

— Aende Alcina, alisema Rada. Chuo kidogo cha mji wa jirani, miaka miwili tu, lakini dogo ataanza kucheza siku ya kwanza. Kocha wa pale akikupenda hakutoi uwanjani. Yule mtoto wa akina Barrera alirushishwa mipira mia na arobaini kwa siku moja.

— Yuko wapi sasa?

— Anaezeka mapaa.

— Nimemwona, alisema Profesa. Nyundo anapigia mkono wa kushoto.

Chemo alikunywa kahawa asiyoitaka. Ilikuwa chungu, imekaa kwenye mashine tangu alfajiri.

— Nyie mnazungukazunguka tu, Profesa akaendelea. Mimi nimelifanyia utafiti. Chuo hakichaguliwi kwa uwanja wala kwa kocha. Unachagua kwa basi. Basi la viti vyembamba, mrushaji analala kwa muda wa saa tisa amejikunja, damu inagoma kupita, akiamka kitu kimesinyaa.

— Acha hizo.

— Na kaskazini kuna baridi, bwana. Mfupa una mafuta ndani. Yakipigwa baridi yanaganda. Siku moja unarusha, unasikia kitu kinakatika, ta, kama kijiti kikavu. Uwanja mzima unasikia.

— Hebu mwache mtoto, alisema Shemasi. Kisha akasugua magoti. — Ila mlio huo mimi nimewahi kuusikia. Nilikuwa nimechuchumaa na glavu yangu, nikadhani kuna mtu kavunja fimbo ya kupigia. Kumbe ni mrushaji wetu. Akawa ananitazama mimi, kama vile nimwambie ni kitu gani.

Rada aligonga mbao za mlango mara tatu kufukuza mkosi, maana walikuwa wameusogelea mwiko kupita kiasi. Chemo aliogopa, aliogopa kwelikweli, na akajiambia kama alivyojiambia kila asubuhi kwamba mwezi wa nane bado uko mbali.

Mama mmoja mgeni, ambaye tairi lake lilikuwa likizibwa ndani, alitoka na kikombe akasimama karibu nao.

— Huyu ndiye mrushaji mnayemgombania?

— Ndiye, alisema Rada. Kusini yote hana mwenzake.

— Na mkono wake ni mzima?

Shemasi akagonga mbao za mlango.

— Mama, hapa hatuulizi hivyo, alisema Rada taratibu.

— Kwa nini? Si ndio mnaoutafutia chuo? Akamgeukia Chemo. — Unakuuma, mwanangu?

Chemo alikuwa na jibu tayari, kwamba ni mzima, amelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Safari hii akaliacha.

— Vidole viwili sivihisi, alisema. Tangu Machi.

Ndani pampu ya upepo ilizimwa. Evaristo alikuwa amesimama mlangoni, spana ya magurudumu mkononi. Rada alifungua daftari polepole.

— Machi mwanzoni alikuwa maili tisini na moja kwa saa. Wiki iliyopita themanini na tano. Nilidhani ni betri za kipimamwendo. Nimezibadilisha mara tatu.

— Uliona, ukanyamaza?

— Evaristo, si unaujua mwiko.

Evaristo alitaka kumgombeza, ikaonekana wazi, lakini akaiweka spana chini.

— Na mimi nilimwona akihangaika kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, alisema. Nikageuza uso.

Simu ya Chemo ikaita, mapema kuliko walivyokubaliana. Aliitazama mpaka baba yake akamwashiria apokee. Akamweleza kocha yote, vidole, kiwiko, Machi, bila kupumua katikati. Kisha kocha akasema ngoja kwanza azungumze na wenzake, atapiga siku nyingine. Siku hakuitaja.

Evaristo alichukua funguo za gari. Alisema kliniki ya Alcina hufunguliwa Jumamosi hadi mchana, wakiwahi watampata daktari. Chemo hakuinuka.

— Baba, wakisema nisirushe tena, nichague chuo gani?

Evaristo alimshika mkono wa kushoto, akamwinua. Rada akachana kurasa za tangu Machi kwenye daftari, akampa ili daktari azione. Profesa akamwaga kahawa yake, akawafungulia mlango wa gari.