Bonge la Magadi kwenye Pindo la Shuka

Ndugu zangu wa Mogitu, Bwana asifiwe kwa pumzi hii ninayoivuta mbele yenu. Wazee, shikamooni. Mnanifahamu. Mimi ni Yakobo wa punda, mchimba magadi wa Balangida, na mdomo wangu hauna mlango, hilo hata watoto wanalijua. Lakini kuna neno moja ambalo mdomo huu umelifungia kwa miaka mitatu, na aibu yake ameibeba mke wangu Marta, yule aliyekaa pale kwenye benchi la pili. Leo nimekuja kuitua.

Mnajua kinachosemwa kisimani. Husemwa kwamba Marta alitaka kumuua mumewe kwa kande. Wengine wanasema kwa utani, na wengine hawatanii. Nami nimesikia, nikanyamaza, nikafunga punda wangu nikaenda zangu ziwani.

Nilikuwa na nguvu, ndugu zangu. Kiangazi ziwa likikauka nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na nilipokuwa nachimba nililamba magadi kama ng'ombe. Nyumbani, kande isiyo na magadi ya kutosha niliirudisha jikoni. Marta alikuwa akiniambia, "Baba Yohana, ulimi wako umekufa." Namjibu kwamba ulimi ndio unaotulisha.

Mwaka ule vijana wetu waliporudi kutoka vita vya Burma, pumzi ikaanza kunipungukia. Kale kamwinuko ka kwangu nilikapanda kwa kusimama mara tatu, najifanya nahesabu ng'ombe wa majirani. Miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mara tumbo nalo likajaa. Wengine wakasema nimerogwa, wengine wakasema ni laana ya ziwa. Nikilala chali nazama, maji yananipanda kifuani. Na ninyi mnajua desturi yetu, mgonjwa hulazwa kwenye ngozi atulie. Kaka zangu wakanilaza. Nikiinuka nitafute hewa, wananirudisha chini kwa mikono miwili, "Lala, ndugu yetu, utulie." Walinipenda, na kwa upendo huo walikaribia kunizika.

Marta ndiye aliyesema basi. Alitembea kwa miguu mpaka Katesh, kwa Mzee Salimu mfanyabiashara, aliyekuwa akinunua magadi yangu. Mzee yule ni Mwislamu, tena mtu wa swala tano, na siku ile lori lake lilikuwa limeshapakiwa. Alimwambia, "Shemeji, mizigo itangoja, mtu hangoji." Wakashusha magunia, wakaja kunipandisha mimi, tukaenda mpaka hospitali ya misheni kule juu milimani Mbulu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mungu aliponikuta. Alinipokea nesi mmoja, Paulina, mzaliwa wa kulekule milimani, kijiji cha Daudi. Umri wake ni wa binti yangu wa pili. Kabla hajauliza jina langu alichukua kiti, akakipindua kitandani nyuma yangu, akakiwekea mito, akaniketisha wima na miguu ikining'inia. "Shikamoo baba," akasema. "Hapa hatukulazi chali. Moyo wako umechoka kusukuma damu, na maji yamejaa mpaka mapafuni. Ukikaa yanashuka." Ndugu zangu, baada ya muda mfupi nikavuta hewa ikafika mahali ambapo haikuwa imefika kwa mwezi mzima.

Je, nilimshukuru? Hata marahaba sikumwitikia. Niliona nimetawaliwa na mtoto.

Kila asubuhi alikuja na shikamoo yake, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa aliyoibandika kifuani, midomo yake ikihesabu mapigo. Ndipo anipe kidonge. Siku moja alihesabu, akahesabu tena, akakirudisha kidonge kwenye kisahani. Nikamwita mchoyo mbele ya wodi nzima. Hakukasirika. Aliniambia kwamba moyo ukipiga polepole mno, dawa ile ile inayoponya inaua. Kumbe kazi yake haikuwa kunipa dawa tu, ilikuwa pia kujua siku ya kuninyima. Alinipima mkojo kwenye chupa, jambo ambalo sitaki mlicheke. Maji ya kunywa alinipimia kwa kikombe cha bati. Alinisugua mgongo na visigino nisipate vidonda. Mikono ilipotetemeka alinilisha kwa kijiko, mimi mwanamume wa punda sita, naye hakuwahi kunifanya nijione mtoto.

Halafu akanisimamisha kwenye mizani ya kupimia magunia. Ratili zangu akaziandika kwa chaki ukutani, juu ya kitanda. "Baba, kuanzia leo chumvi hapana, na magadi hapana. Yanashika maji mwilini. Nikikuona unazidi ratili, nitajua maji yamerudi."

Magadi hapana! Afadhali angenikataza kuomba. Juma la kwanza nilivumilia, na ratili zikashuka, mpaka nikaanza kuyaona magoti yangu. Lakini Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguoni kwelikweli. Kwenye pindo la shuka yangu nilikuwa nimefunga bonge la magadi, ukubwa wa yai la kuku, tangu nyumbani. Ni mazoea ya wachimbaji, hatusafiri bila bonge. Nikaanza kulilamba chini ya blanketi.

Ratili zikapanda. Paulina akatazama ukuta, akatazama miguu yangu. Wakati ule Marta alikuwa akikaa kwenye vibanda vya jamaa za wagonjwa, akinipikia kande kwenye chungu cha peke yake, kama alivyoagizwa. Paulina akamwita. "Shikamoo mama. Ulitia magadi?" Marta akasema hakutia. Akaulizwa mara ya pili. Akasema, "Mwanangu, sikutia hata chembe." Kisha akanigeukia mimi, maana miaka ishirini na mbili nilikuwa sijawahi kukosa la kusema.

Nikatazama ukuta.

Chakula chake kikakataliwa tangu siku ile. Akarudishwa mlangoni na chungu chake, huku watu wawili wa hapa kwetu, waliokuwa wanamuuguza mama yao, wakimtazama. Nadhani sasa mnajua habari ya kisimani ilitoka wapi. Nilimsikia Marta akilia nje ya dirisha, kilio cha kujizuia. Na ulimi wangu, ule unaotulisha, ukabaki kinywani.

Mchana ule Paulina aliniletea kande ya hospitali, mabakuli mawili. Akaketi akala nami, ileile isiyo na ladha. "Ili usile peke yako, baba." Alifanya hivyo siku ya pili pia. Akitoka, nafungua pindo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya tatu kulipopambazuka, maji yakaja yote kwa pamoja. Mapovu yalinitoka mdomoni, nikashindwa hata kuita. Paulina alikimbia. Alinishusha miguu, akanichoma sindano, akamtuma mwenzake kwa daktari. Na kwa sababu nilikuwa nateleza kwenye mito, alipanda kitandani akaketi mgongo kwa mgongo nami, akanishikilia kwa mgongo wake. Alikaa hivyo mpaka jua lilipofika dirishani. Mgongo ule mdogo niliusikia ukitetemeka kwa uchovu, lakini haukuondoka. Nikaanza kulia. Nikamwambia Mungu, kama huyu asiye ndugu yangu ananibeba hivi, nami namwachia mke wangu abebe uongo wangu, basi usiniponye miguu tu.

Pumzi iliporudi, nikafungua pindo. Nikamtilia lile bonge kiganjani. Nikasema, "Si Marta."

Nilingoja matusi, na nilistahili. Akalifunga kwenye kitambaa, akarekebisha mito yangu, akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa ya kwanza kunitoka tangu nifike.

"Mama Marta nitamwomba radhi mimi mwenyewe," akasema. "Wewe je?"

Alikwenda vibandani mchana huohuo, na Marta aliniambia baadaye kwamba alipiga magoti kwenye majivu, akiwa na sare yake nyeupe. Yeye ambaye hakuwa na kosa! Nami nilimwomba Marta radhi, ndiyo, lakini tukiwa wawili tu. Ratili zilishuka, miguu ikawa miguu, nikarudi nyumbani nikitembea mwenyewe. Mkanipokea kwa nyimbo. Mkamtazama Marta kwa jicho la pembeni, nami nikawaacha, kwa kuogopa kuchekwa.

Yule nesi aliniokoa na maji. Hili la pili, la kumsafisha Marta jina, halikuwa kazi yake, lilikuwa langu, nami nimelichelewesha miaka mitatu. Basi nasema mbele ya Mungu na mbele yenu: Marta hakutia magadi. Mimi ndiye niliyelamba, mimi ndiye niliyenyamaza. Mama zangu na dada zangu, kesho mkienda kisimani, semeni hivyo, tena kwa sauti ileile mliyosemea lile la kwanza.

Namshukuru Mungu kwa mikono ya Paulina, na kwa mgongo wake. Na kama hapa kuna mtu amefunga kitu pindoni, akifungue angali anavuta pumzi. Nilidhani nikifungua nitapigwa. Nilisalimiwa. Mungu wa namna hiyo anaaminika, ndugu zangu, mtumainini.

Marta, usilie, nimemaliza. Jioni nipikie kande bila magadi. Nitaila mlangoni, kila apitaye anione ninavyolamba bakuli.