Springi Mbili Zilizozidi

Mniko alikuwa anachomoa maua ya plastiki mfukoni, kumbe na springi mbili zikatoka, zikadondokea miguuni kwa mama mmoja abiria aliyekaa naye kwenye Noah ya kwenda Nyamwaga.

"Hizi za nini, mwanangu?"

"Za klachi, mama. Nimenunua pikipiki ya magurudumu manne, ya mtumba, klachi nimeifunga mwenyewe. Hizo zilizidi."

"Zilizidi?" Mama akageuka mwili mzima. Marehemu mumewe alikuwa fundi pikipiki, kwa hiyo hapo Mniko alikuwa amekanyaga penyewe. "Springi ni ugali, useme umezidi? Nani kakufundisha?"

"Video ya kwenye simu. Jamaa anafungua kitu mpaka nati ya mwisho!"

"Na kufunga?"

"Bando likakata."

Dereva mwenyewe akacheka mpaka akakosea gia.

"Lakini kufunga si ni kulekule kufungua?" Mniko akajitetea. "Unarudi nyuma tu."

"Utarudi nyuma kweli, kwenye kile kilima cha kanisani! Unambeba nani?"

Mniko akashusha sauti. "Bibi yangu. Leo ni harusi ya dada. Bodaboda kazikataa, anasema anataka kitu kilichosimama kwa miguu minne kama ng'ombe."

"Mwambie atembee."

"Mama, wewe humjui bibi."

Noah ikasimama mbele ya nyumba ya kina Mniko. Nje, bibi alikuwa ameshapanda ile mashine, kitenge kipya, mwavuli umefunguliwa.

"Shikamoo, bibi," Mniko akasalimu akishuka.

"Marahaba. Washa, padri hasubiri watu."