Fundi Saa Hapatikani

YAH: KUTAFUTWA KWA MTU MMOJA KWA SIMU MOJA YENYE CHAJI ASILIMIA KUMI NA NNE. Hivyo ndivyo Karani Mstaafu alivyotaka kikao chetu kiitwe, kana kwamba kuna mtu atakayekigongea muhuri. Benchi letu, mbele ya duka la fotokopi, ni la watu wanne. Siku hiyo ilikuwa ya tisa tunalikalia watatu. Pembeni meza ya Fundi Saa imefunikwa turubai, na saa za watu zinaendelea kutembea chini yake. Mama Kahawa alimimina. Simu ilikuwa ya Kamusi, ambaye hakuna asilolijua.

— Andika "Fundi Saa," akaamuru Karani.

— Imeleta saa za ukutani tupu.

— Ongeza: "wa mbele ya fotokopi, mwenye kikohozi."

Kamusi akabonyeza, akangoja, akasoma kama hakimu:

— "Hakuna matokeo. Jaribu maneno mengine."

— Maneno mengine yapi? Mtu si yule yule!

— Tutoe kikohozi, mzee wangu. Labda mashine haitaki wagonjwa.

— Kikohozi ndicho kitambulisho chake!

— Basi inamisha simu, mwanangu, akasema Mama Kahawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kamusi akainama kweli, simu ikaingia chini ya benchi. Hakuna matokeo. Chaji asilimia tisa.

— Amefutwa huyu, Kamusi akanong'ona. Alitengeneza saa ya mkubwa fulani, ikaanza kuonyesha muda ambao mkubwa hakuwa ofisini.

— Wapi! Faili lake lipo, ila anayelishika yuko likizo. Hata humo ndani ya simu lazima kuna karani. Tusubiri. Kimya kingi kina mshindo.

— Siku tisa, mzee. Mshindo gani huo unaokuja kwa miguu?

Hapo akafika mwanamke na kikaratasi, amefuata saa ya mumewe. Akatusikiliza kidogo.

— Kwani huyo fundi anaitwa nani?

— Fundi Saa.

— Jina, kaka zangu. Alilopewa na mama yake.

Karani akamtazama Kamusi. Kamusi akaitazama simu. Mama Kahawa akanitazama mimi. Miaka kumi na moja tunajua kikombe chake, tunajua goti lake linalotabiri mvua. Jina hatukuuliza, kijiweni kumuuliza mtu jina ni kama kumdai kitambulisho.

Mama Kahawa akainua birika, akalitikisa. Tupu.

Kilichotokea, tulichokuja kukijua baadaye, ni hiki. Fundi Saa alilazwa siku ile ile aliyokosekana, katika hospitali ya mtaa wa pili, akafariki siku ya sita. Jina lake lilikuwa kwenye ubao wa mlango wa wodi, limeandikwa kwa chaki, linasomeka vizuri. Siku ya tatu nilikwenda kumwona shemeji yangu wodi ya jirani. Nililisoma, nikapita.