Lemuel Ruffin na Korti ya Uani

Lemuel Ruffin, askari wa korti yetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane ya kutuamuru tusimame. Afadhali. Magoti yake yamelia vya kutosha.

Mimi ndiye ninayepiga deki humu. Lemuel hajawahi kukanyaga sakafu mbichi, adabu ambayo mawakili na shule zao zote bado imewashinda.

Mji wetu unaitwa Nyumba ya Korti ya Tolliver. Enyi vijana, mmewahi kujiuliza kwa nini? Hapa palikuwa na nyumba ya korti ya wilaya tu. Duka, kanisa na babu zetu vilikuja kuifuata. Kwa hiyo mwaka mmoja theluji ilipoangusha paa lake, asubuhi ya siku ya kesi, tulishikwa na hofu. Wilaya jirani walikuwa wameimezea mate korti yetu miaka mingi. Kesi zikishahamia kwao, hazirudi, na sisi tungebaki na jina tupu.

Jaji Vaden alisimama mlangoni akitazama vifusi.

"Mzee Ruffin, sheria inataka kesi zisikilizwe hapa. Hapa wapi sasa?"

"Kwani zamani walikaa wapi, Mheshimiwa?"

"Zamani? Uani! Neno korti lilianzia hapo. Ulikuwa ua wenye ukuta, bwana mkubwa anakaa humo kusikiliza mashauri. Baadaye hata watu waliomzunguka wakaitwa korti. Nyumba ilijengwa walipochoka kunyeshewa."

"Ua tunao. Na leo hakunyeshi."

"Kuna baridi, Mzee!"

"Nitakuletea koti la mke wangu. Hilo lako ni la urembo."

Akaanza kutoa mabenchi. Mawakili wakawa wanamtazama. "Nanyi, mikono hiyo ni ya kupunga tu?" Wakabeba.

Jaji alisikiliza kesi akiwa na koti la zambarau juu ya joho. Mwizi wa kuku alikiri upesi akaote moto. Karani wa wilaya jirani alipofika na gari kuchukua mafaili, alikuta shahidi anaapa.

"Mmehamia nje?" akauliza.

"Korti inaendelea," Lemuel akamwambia. "Vua kofia."

Aliondoka na gari tupu. Hapo ndipo nilipopumua, na wengine walilia, wasikatae.

Paa ni zima sasa, lakini Ijumaa tutamuagia uani. Ahsante, Lemuel, kwa kutubakizia mji. Uzee wako uwe wa raha na magoti yapoe. Siku hiyo usitangaze chochote. Tutasimama wenyewe. Wewe kaa.