Daraja la Obare Limefungwa

Pale Uriri, upande wa soko unaotelemkia mtoni, kuna benchi la mabanzi ambalo limebeba watu wengi kuliko viti vya kanisa. Liko mbele ya kibanda cha Priscah, muuza kahawa ya tangawizi, na watu wanaliita Bunge, kwa sababu wanaokaa hapo huongea kutwa nzima na hakuna kinachojengwa. Alasiri hiyo ya siku ya soko, Obare alikuwa amekaa katikati ya benchi, nyundo miguuni, kahawa ikimpolea mkononi. Obare ni fundi wa mbao, nao wenzake wamembandika jina la Injinia. Asubuhi hiyo, bwana mmoja wa serikali aliyevaa koti la kung'aa alikuja akafunga utepe mwekundu na mweupe pande zote mbili za daraja lake. Na ili aufunge ule wa pili, ilimbidi avuke juu ya daraja lenyewe, kwenda na kurudi.

Daraja lilikuwa lake kweli. La serikali lilisombwa na mafuriko, watu wakaambiwa wasubiri. Walisubiri mpaka Obare akachoka kuona akina mama wakivuka na mizigo kichwani, maji yakiwafika kiunoni. Akauza mtamba wake, akakata milingoti ya mikaratusi, akanunua mbao na misumari, akalitandaza daraja kwa mikono yake. Aliyevuka alitoa sarafu moja. Wanafunzi na wagonjwa walipita bure. Masika mawili yalikuwa yamepita tangu hapo. Serikali haikurudi na daraja, ila sasa ilikuwa imerudi na utepe.

— Huu ni wizi, alisema Cliff. Mtu ametoa jasho yake, ametoa ng'ombe yake, alafu mwingine anakuja na karatasi ya plastiki anamwambia funga. Wacha soko iamue. Daraja ikiwa mbaya, watu watakataa kupita. Ikiwa poa, watapita.

Cliff anauza simu za mitumba, na hakuna jambo chini ya jua ambalo hajaliachia soko. Ndiyo maana wanamwita Soko Huria.

— Watakataa kupita kabla ya kuanguka, ama baada? aliuliza mzee Jeremiah.

— Kabla. Watu wako na macho.

— Macho inaona mbao. Haioni msumari ndani ya mbao. Ndiyo maana kuna serikali, kijana. Haraka haraka haina baraka.

— Jaduong', hiyo methali imeingia hapo kufanya nini? aliuliza Cliff, akimwita mzee kwa Kijaluo.

— Inangoja daraja ya serikali, alisema Priscah, akimjazia mzee kikombe.

Jeremiah alikuwa naibu wa chifu kabla ya kustaafu. Wanamwita Baraza, kwa kuwa hawezi kusema neno zito bila kusimama. Sasa alisimama.

— Mimi nasema hivi. Mto ni ya umma. Huwezi ukaamka asubuhi ukaweka daraja kwa mto ya umma kama mtu anaanika shati. Leo Injinia, kesho mwingine ataweka ya nyasi. Kila daraja ipimwe. Na kila anayevuka awe na kibali. Na apimwe uzito, kama lori.

— Wewe unipime uzito mbele ya watu, mzee? alisema Priscah. Utakunywa kahawa wapi?

— Ona hiyo sasa, alisema Cliff. Serikali ikishapima daraja, inapima mama ya watu. Dawa ni daraja tatu hapo chini. Moja ya bei ya chini. Moja iko na paa, ya wale wametoka saluni. Moja iko na muziki. Wacha zishindane. Tena hata huo mto ungekatwa ploti, kila mtu awe na hatimiliki ya maji yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Maji yako imetoka Kisii asubuhi, inapita kwa ploti yako ukipiga chafya, saa hizo iko kwa jirani. Hatimiliki utaandikia nini? aliuliza Jeremiah. Chafya?

Priscah alicheka mpaka akaweka birika chini. Obare hakucheka. Maneno ya wenzake aliyasikia kama mvua inayopiga mabati ya nyumba ya mtu mwingine. Hasira juu ya utepe alikuwa nayo, ya kutosha kumjaza kifua. Lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine. Alfajiri ile, kabla yule bwana hajafika, yeye mwenyewe alikuwa ameteremka mtoni na kuushika mlingoti wa katikati, ule unaopokea mkondo. Ukacheza chini ya kiganja chake kama jino la mzee. Akajiambia atautengeneza maji yakipungua. Kisha likatokea koti la kung'aa. Yule bwana hakuugusa mlingoti, wala hakuutazama. Alisema tu kwamba daraja halina kibali. Jambo hilo ndilo lililomsumbua Obare: daraja lilikuwa limefungwa kwa sababu isiyo na maana, na yeye peke yake alijua kwamba sababu yenye maana ilikuwepo.

— Injinia, sema kitu, alisema Cliff. Daraja ni yako.

— Nilimuuliza atapima lini. Akasema mwenye kupima hayuko.

— Unaona, jaduong'? Serikali yako iko na mtu wa kufunga, haina mtu wa kupima.

Jeremiah aliketi. Hapo ndipo alipotokea mwanamke kijana akitoka sokoni, karai tupu kichwani, leso imefungwa kifuani. Aliitwa Bonareri, ameolewa ng'ambo ya mto hivi karibuni, na pale Bunge hakuna aliyemjua vizuri.

— Hamjambo, wazee. Samahani, hiyo daraja imefungwa ama iko wazi?

— Imefungwa, alisema Jeremiah.

— Iko wazi, alisema Cliff, wakati uleule.

Bonareri aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

— Mimi nilivuka alfajiri na ndizi zangu. Nimeacha mtoto na mama mkwe. Bado ananyonya tu, hajaanza uji. Nikizunguka na barabara nitafika giza imeingia.

Leso yake ilikuwa imelowa kifuani, naye aliishikilia kwa mkono mmoja. Cliff alimweleza kwamba yeye ni mtu huru, mwili ni wake, miguu ni yake, na utepe ni plastiki. Jeremiah alimweleza kwamba sheria ni sheria hata ikiwa na uzembe, maana siku ikiachwa, wanaoumia kwanza ni wanyonge. Bonareri aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akamgeukia yule mwenye nyundo miguuni.

— Baba, ni wewe uliijenga?

— Ni mimi.

— Mtoto wako, ungemvusha hapo sasa hivi?

Obare alikitazama kikombe chake.

— Hapana, alisema. Mlingoti ya katikati inacheza.

— Omera, ndugu yangu, alisema Cliff polepole. Tumepiga kelele tangu saa sita na wewe unajua. Si ungetuambia?

— Ningeongea saa ngapi?

Obare alinyanyuka, akaokota nyundo.

— Nataka mtu wa kuingia maji, na mtu wa kushika kamba.

Cliff alimtazama Jeremiah, Jeremiah akayatazama magoti yake mwenyewe. Kisha Cliff akavua viatu vyake vyeupe, akamkabidhi Priscah mfuko wa simu, na wote wakateremka. Priscah pia alishuka, birika mkononi, kwa vile wateja wake wote walikuwa wameondoka.

Kazi haikuwa ndogo. Obare alileta mlingoti mpya kutoka karakana yake, na waya, na kamba nene. Cliff aliingia kwenye maji ya tope yakamfika kifuani, meno yakigongana, akaukumbatia ule mlingoti huku Obare akiugongomea kutoka juu na kumteremshia mawe ya kuupangia chini. Jeremiah alikaa ukingoni, kamba iliyomfunga Cliff imemzunguka mgongo, visigino vimezama ardhini.

— Shika vizuri, jaduong'.

— Nimeshikilia kata ndogo nzima miaka na miaka. Nitashindwa na wewe?

Mara mbili mkondo ulimzoa Cliff, na mara mbili mzee alimrudisha. Mlingoti wa zamani ukafungwa kwa waya kwenye ule mpya, na Obare akaujaribu kwa bega. Haukutikisika. Akapita chini ya utepe, akavuka hadi ng'ambo peke yake, akarudi hadi katikati, akaruka kwa uzito wake wote. Mbao zililia kidogo, zikanyamaza.

— Sasa ningemvusha, alimwambia Bonareri.

Ukabaki utepe. Obare hakuugusa, na Cliff, ambaye mchana kutwa alikuwa ameukata vipande vipande kwa mdomo, naye hakuugusa. Aliyeusogelea ni Jeremiah. Aliufungua fundo taratibu bila kuuchana, akaukunja vizuri, akaushika mkononi.

— Sijaondoa, alisema. Nimesogeza.

Bonareri alivuka akiwa ameshika mkono wa Obare, karai kwapani. Mama mkwe, aliyechoka kungoja, alikuwa ameshafika upande ule na mtoto anayelia kwa sauti iliyokauka. Bonareri aliinama chini ya utepe wa pili, akampokea, akaketi palepale majanini. Kilio kilikatika ghafla. Wanaume watatu waligeuza nyuso wakatazama mto unakotoka, kana kwamba kulikuwa na kitu huko.

— Mmeona? alisema Cliff, akitetemeka, kahawa ya moto mikononi. Watu wenyewe wamefanya. Hakuna serikali.

— Kama hakuna wa kushika kamba, alisema Jeremiah, saa hii ungekuwa Karungu, ndani ya ziwa, unauzia samaki simu.

Obare, ambaye alikuwa amesharudi kwao, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha sauti ya Bonareri ikavuka maji. Alikuwa amesimama, mtoto begani.

— Wazee, asanteni sana. Kesho nina ndizi zingine. Nipite, nisipite?

Cliff alimtazama Jeremiah. Jeremiah alitazama utepe uliokunjwa mkononi mwake, kisha akamtazama Obare. Priscah aliinamisha birika, likatoa matone mawili, basi. Obare alikuwa akiutazama mlingoti mwingine, ule wa karibu na ng'ambo, ambao siku hiyo hakuna aliyekuwa ameugusa. Akavua viatu.

— Mzee, alisema, leta kamba.